Deni Limelipwa, Mbona Alama Hazijapanda?

Mwezi uliopita rafiki yangu anayeishi Marekani alinitumia picha ya ukurasa mmoja wa ripoti yake ya mikopo. Alikuwa amemaliza kulipa dola 640, deni la simu ambalo kampuni ya simu ilikwisha kuliuza kwa wakusanya madeni, na alitarajia mstari wa deni hilo ufutike. Haukufutika. Palipoandikwa salio la dola 640 sasa pana sifuri, na kando yake pameandikwa kwamba deni limelipwa. Jina la wakusanya madeni bado lipo, tarehe ipo, na alama zake za mikopo, yaani namba ambayo wakopeshaji huitazama kupima kama mtu analipa vizuri, hazijasogea hata moja. "Sasa nimelipa ya nini?" akaniuliza.

Swali lake ni la haki, na majibu anayopewa mtu wa aina yake hupingana. Wapo wanaomwambia kwamba deni likishafika kwa wakusanya madeni doa limeshaingia, kwa hiyo asipoteze pesa zake. Wengine humhimiza alipe leo leo. Kila upande una ukweli wake, ila mara nyingi pande zote mbili hazimuulizi jambo la kwanza: ripoti hiyo itasomwa na nani, na kwa kipimo kipi?

Nianze na wanaosema usilipe. Sheria ya Marekani ya taarifa za mikopo, ya mwaka 1970, inaruhusu deni la namna hii kukaa kwenye ripoti takribani miaka 7, na hesabu huanzia pale mtu alipoanza kuchelewa na hakurudi tena kulipa kwa wakati. Rafiki yangu aliacha kulipa Machi 2021, kwa hiyo mstari wake utaondoka mwaka 2028, awe amelipa au hajalipa. Halafu kuna kipimo chenyewe. Alama hukokotolewa kwa kanuni za kampuni kama FICO, na kila kanuni ina matoleo yake. FICO 8, toleo la mwaka 2009 ambalo wakopeshaji wengi bado wanalitumia, halitofautishi deni la wakusanya madeni lililolipwa na lisilolipwa. Linayaacha tu yale ambayo kiasi chake cha awali kilikuwa chini ya dola 100. Alama za rafiki yangu zilikwama hapo.

Lakini ripoti hiyo hiyo ikipimwa kwa FICO 9, iliyotoka mwaka 2014, au kwa VantageScore 3.0 ya mwaka 2013, kipimo kinachoshindana na FICO, deni lililolipwa halihesabiwi kabisa. Mtu ni yule yule, ila anaonekana msafi kwa mkopeshaji mmoja na mwenye doa kwa mwingine. Tena si kila anayeisoma ripoti anaishia kwenye alama. Chukua mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na FHA, shirika la serikali ya Marekani la mikopo ya nyumba: madeni yaliyo kwa wakusanya madeni, ukiacha ya matibabu, yakifika jumla ya dola 2,000, mkopeshaji hawezi kuyafumbia macho. Yalipwe, au yawe na mpango wa malipo, la sivyo asilimia 5 ya salio inahesabiwa kama mzigo wako wa kila mwezi. Mwenye deni la dola 4,000 anahesabiwa dola 200 kila mwezi hata kama hamlipi mtu senti, na hizo zinatosha kumkosesha nyumba. Hapo kulipa kuna faida ambayo alama hazitaionyesha. Na anayeamua kukaa kimya anaweza kushtakiwa. Mahakama ikimwona ana deni, mshahara wake unaweza kukatwa, kwa kawaida hadi robo ya kinachobaki baada ya makato ya lazima, ingawa majimbo mengine yanamlinda zaidi.

Madeni ya matibabu yana njia yao. Tangu Julai 2022, Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu kubwa zinazotunza ripoti hizi, huyaondoa kwenye ripoti yakishalipwa, na tangu Aprili 2023 hawaonyeshi yale ambayo kiasi chake cha awali kilikuwa chini ya dola 500. Kanuni ya serikali iliyotaka kuyaondoa yote ilipitishwa Januari 2025, lakini mahakama ya shirikisho huko Texas ikaibatilisha Julai mwaka huo huo. Kwa hiyo bili ya hospitali iliyozidi kiwango hicho ndiyo ya kulipa mapema, maana ikilipwa mstari wote unaondoka.

Jambo linaloniumiza zaidi ni watu wema wanaonaswa na hesabu mbili za muda. Ile miaka 7 ni ya ripoti. Muda wa mdai kukushtaki ni mwingine, na kila jimbo lina wake: New York ni miaka 3 kwa madeni ya watumiaji, California ni miaka 4 kwa mikataba ya maandishi. Katika majimbo mengi, ukilipa hata dola 20 kwenye deni ambalo muda wake wa mashtaka umekwisha, muda huo unaanza upya. Sauti ya upole kwenye simu inakuomba "kidogo tu, kuonyesha nia njema", nawe unatoa kwa sababu ndivyo ulivyolelewa. Dola 20 hizo haziongezi alama, na zinamfungulia mdai mlango wa mahakama uliokuwa umefungwa.

Tumekua tukiambiwa dawa ya deni ni kulipa, nami naamini hivyo. Anayedaiwa kwa haki na ana uwezo, alipe. Ninachokataa ni kulipa kwa simu siku ile ile unayopigiwa. Sheria ya Marekani ya ukusanyaji wa madeni, ya mwaka 1977, inakupa siku 30 tangu upokee taarifa ya deni kudai uthibitisho kwa maandishi, na wakusanya madeni wakishaipata barua yako lazima waache kukudai mpaka wathibitishe. Waulize pia, kabla ya pesa kutoka, kama wako tayari kuufuta mstari ukilipa. Hawalazimiki kukubali, na wengi hukataa, lakini anayekubali aandike. Ukipatana nao ulipe pungufu, kumbuka kwamba kiasi kilichosamehewa kikifika dola 600 kwa kawaida kinaripotiwa kwa mamlaka ya kodi, na kinaweza kuhesabiwa kama kipato chako.

Rafiki yangu nilimwomba anitumie kurasa zote, siyo ule mmoja tu. Kwenye ukurasa wa nne tukakuta mstari wa kampuni ya simu yenyewe, nao bado unaonyesha anadaiwa dola 640. Deni likishauzwa, aliyeliuza anapaswa kuonyesha salio sifuri, maana halimhusu tena. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo alionekana anadaiwa mara mbili, na malipo yake yalisafisha mstari mmoja tu. Kosa hilo lilikuwa kwenye ripoti zote tatu. Tumeandika malalamiko kwa kila kampuni ya ripoti, tukaambatanisha risiti na barua inayoonyesha deni liliuzwa lini. Kwa kawaida zina siku 30 za kuchunguza.