Waganda waje tu, shida ya mashindano ya wazi iko kwa nauli

Kila kukitangazwa mashindano ya wazi ya taifa, iwe ni chesi, drafti, tenisi ama gofu, hapa Kisumu ubishi unaoanza ni ule ule wa mwaka jana. Kuna wale wanauliza kwa nini pesa ya mdhamini wa Kenya ibebwe na mtu ambaye Jumapili jioni atapanda matatu ya Busia avuke zake kurudi Uganda na kombe likiwa kwa begi, na kuna wale wanasema kama umeita watu wote basi wote waje, mwenye kuogopa abaki kwake. Nimewaskiza wote na kusema ukweli hakuna upande wa kupuuzwa hapo. Ila naona tunamaliza mate kwa swali dogo na lile kubwa tunaliruka.

Wacha nianze na wanaotaka mlango ufungwe, manake hao huitwa waoga haraka sana. Waingereza wenyewe, ambao ndio waliozoesha dunia mambo ya mashindano ya wazi, kuna mahali walifika wakafunga. Ubingwa wao wa chesi ulikuwa unaruhusu wachezaji wa Jumuiya ya Madola, basi Wahindi wakaingia, 2002 akashinda R. B. Ramesh, 2003 akashinda Abhijit Kunte, na kufika 2004 kanuni ikageuzwa ikawa ni ya Waingereza na Waayalandi peke yao. Unaweza kuwacheka lakini jiulize, kama kitu kinaitwa ubingwa wa taifa, na namba moja ni mgeni, na namba mbili ni mgeni, huyo kijana wa kwao aliyeshika namba tatu anaenda nyumbani akijiita nani?

Halafu kuna gofu yetu. Kenya Open ilianza 1967, Seve Ballesteros, yule Mhispania, alishinda hapa 1978, na tangu 2019 iko kwenye ratiba kubwa ya Ulaya. Mkenya hajawahi kuibeba. Karibu zaidi ilikuwa 1998, Jacob Okello akafika mpaka mashimo ya ziada akapigwa na Ricardo González wa Argentina. Sasa ukimwambia mtu kwamba wageni wanainua kiwango cha wenyeji, atakuuliza mbona hii nusu karne na zaidi haijatosha kuinua. Hilo swali linauma na sioni likijibiwa vizuri na watu wa upande wangu, manake ndiyo, mimi niko upande wa mlango wazi, nimesema hakuna upande wa kupuuzwa lakini sijasema sina upande.

Kwa nini niko huko? Kwanza kwa sababu sisi Wakenya ndio tumekula matunda ya milango ya watu kuliko karibu taifa lolote. Ibrahim Hussein, mtoto wa Nandi, alishinda Boston Marathon 1988 akawa Mwafrika wa kwanza kuishinda, na tangu hapo vijana kutoka Iten, Kapsabet na Eldoret wamejenga nyumba, wamenunua mashamba na wamesomesha ndugu kwa pesa za mbio ambazo wenyeji wake wangeweza kusema hii ni ya kwetu. Na pale walipofungia tulilia sana. Kule Japani kuna mbio za kupokezana za barabarani za shule za sekondari, wao huziita ekiden, na shule kadhaa zilikuwa zinachukua vijana wetu, Samuel Wanjiru ni mmoja wao, alienda akiwa mdogo akasomea Sendai kabla hajaja kuchukua dhahabu ya marathoni kwenye Olimpiki ya Beijing 2008. Wakenya walikuwa wakipewa mkondo wa kwanza ambao ndio mrefu, wakafungua mwanya ambao hakuna wa kuuziba, na malalamiko yakawa kwamba mbio zinaisha kabla hazijaanza, basi kutoka 2008 wanafunzi wa kigeni wakakatazwa mkondo huo. Huku nyumbani watu wakasema tunaonewa. Sasa leo Mganda akija Kisumu na bodi yake ya chesi ndio tunakumbuka uzalendo?

Pili, ubingwa wa kufungiana huwa na kasoro ambayo kila mtu anaijua ila hasemi. Tenisi ilikaa miaka mingi ikizuia wachezaji wa kulipwa Wimbledon. Rod Laver alishinda 1961 na 1962, akaenda kwa kulipwa, akakaa nje miaka mitano, mlango ulipofunguliwa 1968 akarudi na akashinda mara hiyo hiyo. Wale mabingwa wa katikati walikuwa wazuri, sikatai, lakini kila mtu alijua kuna jamaa yuko nje ya geti. Na upande wa akina dada, Judit Polgár hakungoja ubingwa wa wanawake, aliingia ubingwa wa taifa wa chesi wa Hungaria pamoja na wanaume akaushinda 1991 akiwa na miaka 15. (Ya kinyume pia tumeiona hapa kwetu, Kenya Open ya chesi ya 2023 kijana mmoja alivaa buibui na miwani akaingia upande wa wanawake akitafuta zawadi, akashinda raundi kadhaa mpaka viatu vyake na kule kunyamaza kwake vikamchoma. Kwa hiyo hata mlango wa kufungwa unataka askari.)

Kwa chesi kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kanuni za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, kwa kawaida zinataka ukitafuta normu, yaani yale matokeo mazuri yanayohesabiwa kukupandisha cheo, uwe umekutana na wapinzani wa mashirikisho mengine, yaani ukikaa kupigana na majirani tu, hata uwachape wote, cheo hakiji. Kwa hivyo yule Mganda unayetaka arudishwe mpakani ni mmoja wa watu wanaoweza kumsaidia mtoto wako apande. Na ile hofu ya nafasi za timu ya taifa, chesi ya Kenya ilishaitatua: Kenya Open ni ya kila mtu, ubingwa wa taifa ni wa Wakenya, vitu viwili mbalimbali. Kinachobaki kugombaniwa ni pesa ya zawadi, basi tuseme ni pesa na tuache kuvaa bendera.

Mpaka wenyewe pia si mstari wa kuchezea. Wasamia wako huku na huko, Wateso wako Malaba na wako Tororo, mtu ana shangazi upande wa pili na shamba upande wa kwanza. Utamuuliza pasipoti akiwa amekuja na bodaboda?

Lakini hii yote, nawaambia, ni lile swali dogo. Kubwa ni hili: mashindano ya wazi mangapi ya taifa yako wazi kwa mtu wa Nyalenda, mtaa wa watu wa kipato kidogo hapa Kisumu?

Nenda pale wanapocheza drafti karibu na stendi yoyote ya mjini Kisumu ama Nakuru. Bodi ni kipande cha mbao kimepigwa rangi kikachakaa, wachezaji ni vizibo vya soda, wa mmoja wamelala kifudifudi na wa mwingine wameangalia juu, na ukipata kingi unabebanisha vizibo viwili. Watazamaji kumi wote wanajua kucheza kuliko wewe. Kuna kijana pale huwa hapigwi, na si maneno ya mtaa, watu wazima wamekuja wakiwa na dharau wakaondoka wakidaiwa soda. Sasa mwambie kuna mashindano ya taifa Nairobi, mlango wazi, karibu. Nauli elfu na zaidi kwenda, kurudi vile vile, kiingilio, malazi ya siku mbili, na siku mbili hizo hafanyi kazi. Akifika huko, kama wanacheza ile ya kimataifa, anakuta bodi ya visanduku mia moja na vipande ishirini kila upande, wakati yeye maisha yake yote amecheza visanduku sitini na vinne na kumi na viwili. Hakuna mtu amemfungia. Hakuna Mganda hapo. Na hachezi.

Umbali una nguvu kuliko kanuni, hata kwa matajiri. Australian Open ya tenisi ilikuwa wazi kwa kila mtu kwenye karatasi lakini kwa miaka mingi wakubwa hawakuwa wanaenda kwa sababu ni mbali, Björn Borg na makombe yake yote alicheza huko mara moja tu, 1974. Kama Borg aliona ni mbali, sembuse dogo wa Nyalenda.

Wenye kupinga hoja hii wana jibu, na si baya. Wanasema Nairobi ndiko kuna kumbi, marefa, wadhamini na kamera, ukizungusha mashindano kila mwaka unaua mvuto na unaongeza gharama. Sawa. Lakini raga imezungusha mashindano yake ya wachezaji saba kwa upande miaka hii yote, yale ya Prinsloo yako Nakuru, ya Dala yako Kisumu, na watu wanajaa, ingawa pia nakubali klabu ya raga ina basi na mweka hazina na mcheza drafti ana mfuko wake tu. Mpira nao unaonyesha faida ya kuacha wadogo waingie, FKF Cup ya 2025, kombe la shirikisho la soka la Kenya, ilibebwa na Nairobi United wakiwa bado daraja la pili, na waliyempiga fainali ni Gor Mahia mbili kwa moja, mashabiki wa K'Ogalo mnisamehe lakini mfano ni mfano.

Kinachonivutia zaidi ni vile Wamarekani hufanya gofu yao. US Open inaita yeyote mwenye kiwango fulani, siku hizi wanaojiandikisha wanapita elfu kumi, na uwanjani wanaingia 156. Hao maelfu hawasafiri kwenda mji mmoja, mchujo unawafuata walipo, mashimo 18 karibu na nyumbani, ukipita unaenda mashimo 36, halafu ndio jukwaa kubwa. Karibu nusu ya wanaocheza hupitia huko. Sasa weka mchujo wa drafti Kisumu, Kakamega na Nakuru, wawili wa kwanza walipiwe nauli, kiingilio na kitanda, na anayetaka kujilipia aende moja kwa moja bado aruhusiwe, tusije tukafunga tena kwa jina la kufungua. Ubaya wake ni kwamba mashirikisho mengi hayana pesa, na mchujo bila refa anayejua kazi utageuka kuwa mchezo wa kujuana, watoto wa mwenyekiti ndio watapita. Hiyo hatari ni ya kweli na mimi naiona kubwa kuliko ya wageni.

Pesa ya kuanzia inaweza kutoka kwa zawadi yenyewe. Ukikata robo ya zawadi ya mshindi wa kwanza unapata nauli za vijana kadhaa kutoka magharibi mpaka Nairobi na kurudi. Wachezaji wa juu watapiga kelele na wana haki, wengi wao mchezo hauwalipi kitu kingine mwaka mzima. Robo ikionekana nyingi, tuanze na sehemu ya kumi.