Swali la "umeelewa?" halitoshi

Juzi nilikusanya madaftari ya tafakuri, wanamoandika walichojifunza, ya wanafunzi 38. "Leo nimejifunza kugawanya sehemu na nimeelewa vizuri." Daftari baada ya daftari, sentensi ile ile. Kesho yake nikawapa maswali matano tu, zaidi ya nusu wakakwama. Iliniuma, kwa sababu hawakunidanganya. Walijibu kile nilichouliza.

Ukimuuliza mtoto "Umejifunza nini leo?" atanakili kichwa cha somo kutoka ubaoni, basi. Nikabadilisha swali: "Wapi ulikwama, na ulipokwama ulifanya nini?" Msichana mmoja asiyenyoosha mkono kamwe akaandika: "Kugawanya hupunguza. Sasa mbona 6 kugawanya kwa nusu ni 12?"

Niliisoma mara tatu. Mtoto huyu hupata majibu yote: anapindua sehemu ya pili, anazidisha, anapigiwa vema. Kumbe muda wote huo alikuwa na fumbo moyoni, na vema zangu ndizo zilizomnyamazisha! Kipindi kilichofuata nilianza na swali lake bila kumtaja. Tukachukua kamba ya mita 6, tukaikata vipande vya nusu mita, tukahesabu pamoja mpaka 12. Wale waliokuwa wameandika "nimeelewa vizuri" ndio walioshangaa zaidi.

Wala si jambo jipya. Frederick Mosteller, mwanatakwimu wa Harvard, aliandika mwaka 1989 jinsi alivyokuwa akiwauliza wanafunzi wake mwishoni mwa kipindi ni jambo gani halikuwakaa sawa. Ikiwa yeye alihitaji kuambiwa, sisi wengine tunapata wapi uhakika kwamba tumeeleweka kwa sababu tu darasa zima limeitikia "ndiyo mwalimu"?

Najua, mada ni nyingi na mtihani hausubiri. Nakubali shingo upande kwamba dakika tano za tafakuri ni dakika tano. Lakini tafakuri nzuri huanza kwa kufunga kitabu na kukumbuka, na kukumbuka kwenyewe ni kujifunza. Katika jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke la mwaka 2006, waliosoma kifungu tena na tena walikumbuka asilimia 40 baada ya wiki moja. Waliokisoma mara moja kisha wakajipima mara tatu bila kukitazama walikumbuka asilimia 61. Dakika hizo hazipotei.

Alama msiweke. Ukiweka alama, wataandika ya kukufurahisha.

Na tafadhali, walimu wenzangu, yasomeni madaftari hayo. Mtoto aliyefichua asichokijua kisha daftari likarudi na sahihi ya mwalimu peke yake hatafichua tena, na hana kosa.

Yule msichana aliandika tena Ijumaa: "Kugawanya kwa nusu kunaongeza, kwa robo kunaongeza zaidi. Je, kwa sifuri?" Jumatatu tunaanzia hapo.