Ukoko wa Waridi Unaoshika Mwamba wa Malindi

Maji ya bamvua yakitoka, inua kidogo jiwe kwenye kidimbwi cha mwambani (nje ya hifadhi ya bahari ya Malindi, maana ndani hairuhusiwi) uchungulie upande wake wa chini. Utaona ukoko wa waridi umeng'ang'ania jiwe kama ukoko wa wali kwenye sufuria. Wengi hudhani ni rangi ya jiwe lenyewe, kumbe ni mwani ulio hai. Ukucha hauukwangui, kwa sababu kuta za seli zake zimejaa chokaa yenye magnesi. Kipande kilichokufa ukikidondoshea siki kinatoa povu. Ukimaliza kutazama, rudisha jiwe lilivyokuwa. Likiachwa limepinduka, ukoko uliozoea kivuli huungua na jua ukawa mweupe.

Naona tunaukosea mwani huu. Miradi mingi ya kufufua matumbawe huhesabu vipande vilivyopandwa, lakini ukoko hutajwa kwa nadra. Fundi wa Lamu hapangi mawe matupu akasema amejenga nyumba. Huyashika kwa chokaa. Na mwamba ni hivyo hivyo. Vifusi vya matumbawe visiposhikwa hubiringika na mawimbi, na kinda la tumbawe lililotua juu yake husagika. Ukoko hupita juu ya vifusi, tabaka juu ya tabaka, hadi vikawa jiwe moja. Tena makinda ya matumbawe mengi huvutwa na kemikali za mwani huu na za bakteria wanaoishi juu yake, ndipo yakatua. Tatizo ni mwendo: hukua milimita chache tu kwa mwaka. Nanga ikibandua kiganja kimoja cha ukoko, usitarajie kuuona msimu ujao.

Wakati wa kaskazi, tope la mto Sabaki husukumwa kusini hadi Malindi na kuufunika ukoko. Lakini kinachoniuma zaidi ni fuma, wale wanyama wa baharini wa mviringo wenye miiba. Wakiwa wachache hawana neno, na hata husafisha mwani laini unaoziba nafasi. Wakizidi, hukwangua ukoko wote na kuendelea kulichimba jiwe. Wanaowapunguza ni samaki kama kikande, hasa yule mwenye mistari ya rangi ya chungwa, ambaye ana meno ya kuvunja gamba la fuma. Tukimvua kikande tunawaachia fuma mwamba. Ndani ya hifadhi ya Malindi, iliyoanzishwa 1968, kikande wapo, fuma ni wachache na ukoko umeenea kuliko kwenye miamba inayovuliwa sana.

Kwa hiyo anayetaka kupanda matumbawe aanze na vigae vyenye uso wa kukwaruza. Avifunge imara visitikisike, aviache baharini miezi miwili au mitatu mpaka vianze kuota waridi, ndipo afikirie makinda. Vikiota manyoya ya kijani tu, mahali hapo pana tope au hapana samaki wa kutosha wa kula majani, na kupanda hapo ni kupoteza fedha. Na mvuvi akimkuta kikande hai ndani ya mtego wa dema, amrudishe majini pale pale mwambani.