Bomba la Mombasa: gesi ipi hasa tunayotaka kuuza?

Foleni ya kituo cha gesi ya magari Dar es Salaam ina adabu zake. Dereva wa bajaji anazima injini, anaisukuma kwa mguu hatua mbili, anarudi kwenye simu yake. Niliyemkuta mbele yangu alisema amefika saa kumi alfajiri. "Gesi si ya kwetu, bosi? Sasa mbona tunaililia?" Sikuwa na jibu la haraka, ila swali lake nimelibeba hadi kwenye suala la bomba la Kenya.

Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Nairobi, na nchi hizi mbili zikatia saini hati ya makubaliano ya kupeleka gesi asilia kwa bomba kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Oktoba 2022 Rais William Ruto alikuja Dar na kutaka jambo hilo liharakishwe, lifike na Nairobi. Uganda nayo imo kwenye mazungumzo ya bomba lake.

Wanaolipigia debe bomba hawabahatishi. Lile la Mtwara hadi Dar, lililokamilika 2015 kwa mkopo wa China, ni la inchi 36 na lina uwezo wa kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Matumizi ya nchi nzima hayajafika hata nusu ya hapo, na deni halisubiri bomba lijae. Halafu likaja Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Gesi ndiyo iliyokuwa ikizalisha zaidi ya nusu ya umeme wetu. Sasa mto ukijaa, mitambo ya umeme wa gesi ya Kinyerezi, Dar, inaweza kupumzika. TANESCO, shirika la umeme na mteja mkuu, akipunguza manunuzi, gesi iende wapi? Jirani ana viwanda vya saruji vinavyochoma makaa ya mawe ya kuagiza, na mitambo ya mafuta mazito pale Mombasa. Kwa hesabu hiyo, kuuza ni jambo la busara.

Shida inaanzia kwenye namba tunayopenda kuitaja majukwaani: futi za ujazo trilioni 57.54 za gesi iliyogunduliwa nchini. Sehemu kubwa, zaidi ya trilioni 47, iko chini ya bahari ya kina kirefu, na hakuna tone lililotoka huko kuja sokoni. Inasubiri mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika wa Lindi, ambao kampuni za Equinor, Shell na wenzao wamekuwa wakiuzungumza na serikali kwa miaka mingi. Makubaliano ya awali yalisainiwa Juni 2022. Kumuahidi Mkenya gesi hiyo ni kula mahari ya binti ambaye hajaposwa.

Inayotoka kweli ni ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, na Mnazi Bay ya Mtwara, 1982. Songo Songo inazalisha tangu 2004; msukumo wa visima umeshuka kiasi kwamba imebidi kufunga mashine za kuushindilia, na leseni yake ya miaka 25 ina ukomo wa Oktoba 2026. Mwekezaji gani atamwaga fedha kwenye kisima kipya bila kujua kesho ni ya nani? Tumaini la karibu ni gesi ya Ntorya, huko huko Mtwara, iliyopata leseni ya uendelezaji 2024 na itakayounganishwa na mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba.

Kuna jambo ambalo wengi hulipita: ghala. Petroli unaiweka kwenye matangi Kigamboni, ikakaa. Ulaya wanahifadhi gesi kwenye miamba ya visima vilivyokauka na mapango ya chumvi. Sisi hatuna. Akiba yetu ni ile iliyobanana ndani ya bomba lenyewe, ya kuhesabu kwa saa, pamoja na iliyobaki ardhini. Kumbuka mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2022, mito ilipokauka. Ukame wa namna hiyo ukirudi bomba likiwa limeshavuka mpaka, Dar na Mombasa zitaitaka gesi ile ile saa ile ile. Mnunuzi wa nje kwa kawaida hufunga mkataba wa lipa hata usipochukua, naye hutaka apelekewe hata kama wewe uko gizani.

Lakini nimrudie dereva wa bajaji, maana foleni yake hutumiwa sana kama ushahidi kwamba tuanze na nyumbani. Si ushahidi mzuri. Gesi ya kumjazia ipo; kinachokosekana ni vituo na mashine za kushindilia. Jikoni ni hivyo hivyo. Mtungi wa mama ntilie si wa Mtwara kama wengi wanavyodhani, ni gesi ya petroli iliyoletwa kwa meli, na ya kwetu imefika kwenye nyumba chache tu kwa sababu mabomba ya mitaani hayajachimbiwa. Kumnyima Mkenya hakutamfupishia huyu foleni.

Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana wakisema gesi haitoki Mtwara kwenda Dar, na watu walikufa. Dar tuliwaona wabinafsi. Inachekesha kidogo kusikia leo maneno yale yale Kariakoo, safari hii yakielekezwa Mombasa.

Mimi naegemea kuuza, ila bomba lipimwe kwa gesi ya Ntorya na visima vya nchi kavu, si kwa trilioni 57. Na kwa kuwa Kenya umeme wake mwingi ni wa jotoardhi, maji na upepo, mteja wa kweli ni viwanda. Ningekuwa kwenye meza hiyo, ramani ya njia ya bomba ningeiweka kando kwanza. Ningeuliza kiwanda kipi, futi ngapi kwa siku, kwa miaka mingapi, na siku Madimba ikizima nani anafungiwa valvu wa kwanza.