Fuso kwenye runwei

Asubuhi ile mlima ulikuwa wazi kabisa, hata kiwingu hakuna. Mimi rubani msaidizi, miezi minne kazini, nikashika kipaza sauti kwa mbwembwe: "Abiria wapendwa, upande wenu wa kulia ni Mlima Kilimanjaro, mita 5,895." Ukitoka Dar kwenda uwanja wa Kilimanjaro, mlima ni wa watu wa kulia. Wa kushoto huambulia visogo vya wenzao.

Kepteni akaniambia, "Leo kijana utatua kwa macho." Yaani ukishauona uwanja unawaambia waongozaji, wanakuruhusu, halafu mahesabu yote ya kushuka ni juu yako. Upepo ulitoka mashariki, na ndege hutua ikiukabili upepo, kwa hiyo tulipaswa kupita kusini mwa uwanja kuelekea Arusha, kisha tugeuke kulia turudi. Kepteni amekaa kushoto, uwanja uko upande wangu. Macho ni mimi.

Nikachungulia. Lami hiyo, ndefu, imenyooka.

"Nauona!" Waongozaji wakaruhusu.

Nikaanza kujisogeza kulia ili niukaribie vizuri. Kepteni akatupia jicho ramani kwenye skrini, akanitazama, akanyamaza. Ule ukimya wa mwalimu anayekusubiri ujikwae mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoona kitu kinatembea juu ya lami yangu.

"Kepteni... kuna Fuso linaovateki basi kwenye runwei."

"Na trafiki yuko wapi?"

Ilikuwa barabara kuu ya Arusha–Moshi. Mnisamehe, hata Kiswahili kinachangia: runwei si tunaiita barabara ya kurukia? "Hiyo ni barabara tu," akasema Kepteni. "Ya kurukia iko huku chini ya tumbo lako." Kweli, mita 3,600 za lami, karibu nizikanyage.

Mtu mwenye akili angeenda mbele kidogo ajipange upya. Mimi nikageuza papo hapo. Kanuni ya kushuka ni rahisi: kila maili ya baharini iliyobaki, uwe na futi 300 juu ya uwanja. Zimebaki maili nne, yaani futi 1,200. Mimi nina 2,100. Nikatoa magurudumu, nikatoa flapsi, nikafungua breki za mabawani. Jeti ina tabia moja: ukiibana ishuke inaongeza kasi, ukiibana ipunguze kasi inagoma kushuka. Pembeni mwa runwei kuna taa nne. Ukiwa sawa unaona mbili nyeupe, mbili nyekundu; ukiwa juu mno, zote nyeupe. Zangu zote nne nyeupe, zinang'aa kama meno ya mtu anayekucheka.

"Kijana, utatulia Moshi. Panda."

Nikasukuma injini, pua juu, tukazunguka upya. Safari hii nilitua vizuri, ingawa hakuna aliyenisifu.

Adhabu yangu ikawa kusimama mlangoni kuaga abiria. Walipita kimya, mmoja akinikagua kuanzia viatu hadi kofia. Mwishoni akaja bibi mmoja mwenye kitenge, mkoba kifuani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu." Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Mungu akubariki. Mimi nilikaa kushoto, nikasema basi, mlima nimeukosa. Kumbe ulitukumbuka, ukaturudisha juu nikauona wote!"

Nyuma yangu nikasikia Kepteni anakohoa. Kikohozi gani hicho cha dakika nzima.