Usimcheke Anayekwenda Colby

Mtajie mzazi wa mkimbiaji wa Iten, Kenya, chuo kikuu cha Alabama, uso utamng'aa. Mtajie Colby Community College, atakuuliza kama hicho nacho ni chuo. Colby ni mji wa watu elfu tano na ushei, kaskazini-magharibi mwa Kansas, ngano kila upande na upepo usio na adabu. Chuo chake cha miaka miwili kilianzishwa mwaka 1964. Hapo ndipo alipopitia mkimbiaji Wesley Kiptoo kabla ya kuhamia chuo kikuu cha Iowa State, na mwaka 2021 akatwaa ubingwa wa NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, wa mita 5,000 katika mashindano ya ukumbini.

Mimi ni mtetezi wa timu za vyuo hivi vidogo, na natetea nikijua fika madhambi yake. Naishi Kansas, sehemu ya kodi ninayoilipa serikali kwa nyumba yangu inakwenda kwa chuo cha kaunti, na simu za kutoka nyumbani kuuliza "hicho chuo ni cha kweli?" nazipokea kila msimu wa viza.

Wamarekani wanaviita JUCO, kifupi cha "junior college". Cha kwanza cha umma kilifunguliwa Joliet, Illinois, mwaka 1901, na chama kikuu cha michezo yao, NJCAA, kina umri wa tangu 1938. Chama hicho kina vyuo vipatavyo 500 katika madaraja matatu, na hapa ndipo mzazi anapaswa kufungua masikio. Chuo cha daraja la kwanza kinaruhusiwa kumlipia mchezaji karo, vitabu, chumba na chakula. Daraja la pili linaishia kwenye karo na vitabu. Daraja la tatu halitoi hata senti kwa sababu ya michezo. California nayo ina chama chake, na vyuo vya jamii vya huko haviruhusiwi kabisa kutoa ufadhili wa michezo. Kwa hiyo dalali akija Kapsabet akikuahidi "skolashipu kamili ya riadha" katika chuo cha jamii cha California, mpe chai umsindikize. Vivyo hivyo anayesema mtoto atafanya kazi mjini ajilipie: mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 haruhusiwi hivyo, na ndani ya chuo kwenyewe ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kaunti ya Uasin Gishu haijasahau mpango wa kupeleka wanafunzi Finland na Canada uliozua vilio mwaka 2023, kwa hiyo sioni haya kurudia mambo haya.

Sasa majirani zangu. Wanauliza, na si swali la kijinga, kwa nini kodi ya mkulima wa ngano imsomeshe mkimbiaji kutoka Nandi au mchezaji wa futiboli ya Kimarekani kutoka Florida. Jibu halina uhusiano na huruma. Wanafunzi wengi wa vyuo vya jamii nchini Marekani husoma kwa muda tu: somo moja jioni, mawili wikendi. Mchezaji wa NJCAA lazima abebe angalau krediti 12 (vipimo vya uzito wa masomo) kwa muhula, na mgeni mwenye F-1 hali kadhalika. Mchezaji mmoja anajaza kiti darasani, kitanda bwenini na sahani bwaloni, kwa miezi yote ya masomo. Katika kaunti ambazo vijana wanahama na hawarudi, watu hao ndio wanaofanya darasa la kemia lisifutwe, na binti wa yule mkulima analikuta likiwa wazi. Ukizifuta timu leo, sidhani kodi itashuka kesho. Nadhani bweni litabaki tupu, na mkopo wa kulijenga utabaki palepale.

Tatizo linaanza chuo kikishazoea kuhesabu vichwa. Futiboli ya Kimarekani ndiyo inayoleta vichwa vingi, na Kansas inajulikana kwa hilo. Zamani vyuo vya jamii vya jimbo hili viliwekeana kikomo cha wachezaji wa futiboli kutoka majimbo mengine; mwaka 2016 kikomo kikaondolewa, na makocha wakafungua mlango. Agosti 2018, katika chuo cha Garden City, hapa Kansas, kijana wa miaka 19 kutoka New Jersey alifariki usiku wa siku ya kwanza ya mazoezi baada ya kukimbizwa mbio fupifupi mfululizo. Mwili wake ulizidiwa na joto. Huwa nalirudia tukio hilo kila anaposimama mtu kwenye kikao cha bajeti kusifu futiboli. Chuo kisichoweza kuwa na mtaalamu wa afya uwanjani, mwenye sauti ya kumzuia kocha, hakina haki ya kuwa na futiboli. Watafute mchezo wanaoumudu.

Riadha wanaimudu. Timu ya mbio za nyika ni watu kama kumi, gari moja, viatu, na kocha anayejua kutumia saa. NJCAA ina hata mashindano ya kitaifa ya nusu marathoni (aliyeyabuni sijui kama aliwahi kufika Eldoret, lakini tunamshukuru). Barton, chuo kingine cha hapa Kansas, kiliwahi kuwa na wakimbiaji nyota wa mbio fupi, Veronica Campbell wa Jamaica na Tyson Gay wa Marekani, kabla hawajaenda chuo kikuu cha Arkansas. Mwenzao Fred Kerley alianzia chuo cha South Plains, Levelland, Texas. Na wasichana wasijione wageni: sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inavibana na vyuo hivi pia, na chuo chenye wanaume wengi wa futiboli huwa na kila sababu ya kutafuta wasichana wa kusawazisha mizani.

Lakini medali si kipimo changu. Kipimo changu ni krediti. Kijana ambaye hakutimiza masharti ya NCAA alipomaliza sekondari, akitaka kucheza daraja la kwanza la NCAA, lazima ahitimu JUCO kwa wastani wa alama wa 2.5 kati ya 4, na awe na krediti sita za Kiingereza, tatu za hisabati na tatu za sayansi, zote za aina inayokubalika chuo kikuu. Kocha mvivu atamjazia ratiba masomo mepesi ili alama zisimwangushe msimu wa mashindano. Namfahamu kijana mmoja aliyemaliza miaka miwili shingo imejaa medali, na rundo la krediti za mazoezi ya viungo ambazo chuo kikuu hakikuzitaka. Alirudi nyumbani. Kocha wake alipata mkataba mpya.

Desemba 2024 mambo yalizidi kuchanganyika. Mahakama ya Nashville ilimruhusu mchezaji wa futiboli Diego Pavia, aliyeanzia chuo cha miaka miwili New Mexico, kukichezea chuo kikuu cha Vanderbilt msimu mwingine, akiwa na hoja kwamba miaka ya JUCO isihesabiwe katika ile michache ambayo NCAA humruhusu mchezaji kucheza. Kwa mchezaji ni habari njema. Kwa vyuo vidogo nina wasiwasi: vinaweza kugeuzwa mahali pa vyuo vikuu kuivishia wachezaji, na mwanafunzi wa miaka 18 akakosa nafasi kwa sababu wa miaka 22 yuko tayari.

Basi kabla ya kulipa nauli, mwulize kocha kwa barua pepe: wangapi wa timu yako ya miaka miwili iliyopita walihitimu, na walihamia wapi? Anayejivunia atakutumia majina ya vyuo siku hiyohiyo. Kisha usimwamini peke yake. Tangu 1994 kuna sheria inayovilazimu vyuo vyenye timu na vinavyopokea misaada ya wanafunzi ya serikali kuu kutangaza kila mwaka idadi ya wachezaji, makocha na fedha za kila timu, wanaume na wanawake. Takwimu hizo ziko kwenye tovuti ya wizara ya elimu ya Marekani, bure, na zinafunguka kwenye simu. Andika jina la chuo, tafuta mstari wa riadha, uone wanatumia kiasi gani kwa timu anayokwenda mwanao na kiasi gani kwa futiboli.