Mnaoulizia Ile Picha, Nafafanua Mara Moja Tu

Najua wengi mnaulizia ile picha tuliyopigwa kwenye rolakosta, ile treni ya michezo inayopandishwa mlima wa reli kisha ikaachiwa iporomoke, na wengi mmeshaisikiliza ile sauti. Msemaji wetu, mtu niliyemshikia nafasi kwenye foleni alipokwenda msalani, amerekodi dakika nne nzima akisimulia yaliyonipata leo mchana, na ukweli umeingia humo kwa bahati mbaya. Anasema nililia. Anasema nilimwita mama. Anasema kuna bwana tusiyemjua alinishika bega akaniombea. Sasa: sikulia. Mama sikumwita. Huyo bwana tutamfikia.

Naandika shingo ikiwa bado haigeuki upande wa kushoto, kabla ile sauti haijawafikia shangazi zangu.

Kwa wageni wa ukurasa huu, safari yetu ina uongozi. Yupo Mwenyekiti, dada aliyepanga mpaka saa ya watu kwenda haja. Yupo Shemeji, mumewe, aliyekuja kwa sababu hakuulizwa. Yupo Mweka Hazina, anayetunza risiti za maji ya kunywa. Yupo Msemaji, ambaye hakuchaguliwa na mtu. Mimi ni Katibu, na kazi yangu ilikuwa moja: kutafuta hoteli na kushughulikia vyumba. Hapo pa vyumba pawekeni akilini.

Tumefika alfajiri, macho mekundu, miguu imevimba kwa kukaa kwenye ndege. Hotelini tukaambiwa vyumba havitakuwa tayari mpaka saa tisa alasiri, basi tukaacha mizigo mapokezi tukaingia kwenye bustani ya mabembea na nguo zilezile tulizosinzia nazo angani. Mtu yeyote mwenye uzoefu wa safari hizi atakwambia siku ya kufika ujionee huruma: tembea taratibu, kaa kivulini, angalia watoto wakizunguka kwenye vikombe. Karatasi ya Mwenyekiti ilisema: "Saa nne na nusu, rolakosta kubwa kuliko zote, foleni zikiwa bado fupi."

Kibao mlangoni kilisema dakika 90.

Dakika 90 ni hatari kumwachia mtu aliyesoma, na mimi nilikuwa nimesoma. Tangu tukate tiketi nilikuwa nasaka habari za rolakosta usiku na mchana kwa nia moja tu, kuhakikisha haziui. Elimu ile nikaigawa bure. Nikawapa habari za LaMarcus Thompson, aliyefungua reli yake Coney Island, Marekani, mwaka 1884, mwendo kama kilomita 10 kwa saa, nauli senti 5. Shemeji akauliza kama hiyo ya Thompson bado ipo, yeye apande hiyo. Nikawaeleza magurudumu: yapo yanayokaa juu ya reli, yapo ya ubavuni, na yapo yanayoikamata reli kwa chini, ujanja ambao mbunifu wa rolakosta John Miller aliupatia hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, mwaka 1919, na ndio unaozuia treni kuruka hata ikitamani. Nikawaambia treni yenyewe haina injini. Inavutwa na mnyororo hadi juu ya mlima wa kwanza, ikishaachiwa pale ni uzito wake tu unaoipeleka mpaka mwisho. Nilipofika kwenye ile reli ya mwaka 1895 iliyokuwa na mzunguko wa duara kamili, ikawa inawaumiza watu shingo, Mwenyekiti akaniomba ninyamaze walau mpaka tupite kona.

Lakini somo lililowaingia wote lilikuwa la sauti.

"Tukianza kupanda," niliwaambia, "mtasikia tak, tak, tak chini ya viti. Msiogope. Kuna ulimi wa chuma chini ya treni, unaangukia kwenye meno yaliyopangwa kwenye reli, jino baada ya jino. Hata mnyororo ukikatika, treni hairudi nyuma, inakaa kwenye jino. Ile tak-tak ndiyo usalama wenyewe. Maadamu mnaisikia, hamna neno."

Niliyasema hayo kidole kikiwa juu. Msemaji akanipigia makofi. Kama ningejua.

Mlangoni mhudumu akataka kila kitu kinachoweza kuruka kiingie kwenye kabati za kufuli: kofia, simu, miwani. Miwani yangu si ya urembo, wanaonifahamu wanajua. Nikiivua, mtu aliye hatua kumi namtambua kwa kukohoa. Nikaivua. Tukakaa wawili wawili: Mwenyekiti na Shemeji mbele, mimi na Mweka Hazina nyuma yao, Msemaji nyuma yetu na yule bwana wa bega. Chuma cha kubana mapaja kikashuka. Mhudumu akakivuta kimoja kimoja, akanyanyua kidole gumba, tukaondoka.

Tak. Tak. Tak.

"Mnaisikia?" nikasema. "Usalama huo."

Mgongo umelala kwenye kiti, magoti yako juu ya tumbo, mbele hakuna kitu ila anga. Mweka Hazina ameshika chuma kwa mikono yote miwili, hasemi. Shemeji anahesabu kitu, sijui nini. Nikaanza kuona ukungu mwekundu unaopepea kule juu, nadhani ni bendera ya kileleni, na moyo ukaniambia, Katibu, umefika, ulikuwa unaogopa nini?

Tak. Tak.

Tak.

Basi.

Hakuna tak nyingine. Treni imesimama, pua juu, hatua chache kabla ya kilele. Chini kule muziki wa bustani unaendelea na shughuli zake. Upepo unapita kwenye vyuma. Hakuna anayesema kitu, na nikawa naisikia saa ya mkononi ya Mweka Hazina.

Kisha kutoka nyuma, kwa adabu ambayo hajawahi kunionyesha tangu tufahamiane, Msemaji akauliza: "Samahani, Katibu. Ile tak-tak imekwenda wapi?"

Jamani. Ningekuwa mtu wa kawaida ningejibu sijui, mambo yakaisha. Lakini nilikuwa mwalimu wao. Na jibu nilikuwa nalo! Treni imekaa kwenye jino, haiendi mbele, hairudi nyuma, na kando ya mlima huwa wanajenga ngazi ili ikilazimu watu washuke kwa miguu. Yote hayo yalikuwa kichwani, kwa mpangilio. Kilichotoka mdomoni ni neno moja:

"Imeisha."

Shemeji akajaribu kugeuka. "Nini kimeisha?"

Sikumjibu kwa sababu nilikuwa nazitafuta zile ngazi. Nikaziona, mstari wa kijivu unaoteremka ubavuni. Na katikati ya ngazi nikamwona mtu. Amevaa fulana ya manjano. Amesimama wima, anatutazama. Nikampungia mkono. Hakupunga. Nikampungia tena, mara hii kwa heshima zaidi. Hakusogea hata kidogo. Nikaelewa. Huyu ametumwa aje kutupa habari, na habari yenyewe imemshinda kuitamka.

(Ninyi mnaocheka sasa hivi, mmesahau miwani iko wapi. Na mimi nilisahau.)

Wanasema mtu akikaribia kufa maisha yake yote hupita mbele ya macho. Mimi niliona roshani.

"Jamani," nikasema, "kabla hatujaachana, nina neno."

"Usiliseme," alisema Mwenyekiti bila kugeuka.

"Ni kuhusu vyumba. Niliwaambia kompyuta ya hoteli ndiyo iliyogawa."

Kimya.

"Kompyuta haikugawa."

Bendera ikapigapiga kule juu.

"Ninyi wote mko chini, upande wa nyuma, dirisha linatazama mashine za kupoza hewa. Mimi niko ghorofa ya sita. Chumba kina roshani. Kinatazama bustani. Fataki za usiku unaziona ukiwa umelala kitandani."

Hilo la kitandani sijui lilitoka wapi. Hakuna aliyeuliza. Ulimi ulishakata kamba.

"Mnisamehe. Na wewe, Mweka Hazina, ndugu yangu. Kile kipengele cha 'gharama za dharura', ulichoniuliza nikakwambia ni mambo ya bima..." Sauti ikapasuka kidogo hapa, nakubali, ila kupasuka si kulia. "Ile dharura ni roshani."

Abiria wengine hawakuelewa neno hata moja. Walichosikia ni mtu anaomba radhi kwa uchungu, juu ya mlima, treni imesimama. Wakadhani naongoza sala. Mama mmoja kule nyuma aliinamisha kichwa. Na yule bwana, Mungu ambariki, akanyoosha mkono akanishika bega, akaanza kunong'ona kwa lugha yake. Kwa hiyo hilo la kuombewa, Msemaji kasema kweli.

Mweka Hazina akageuza shingo taratibu. Hofu yote ilikuwa imemtoka. Sijawahi kumwona ametulia namna ile tangu tuondoke, hata ndani ya ndege.

"Rudia," akasema.

"Nini?"

"Rudia hapo pa dharura."

Nikafungua mdomo.

Tak.

Chuma kikatetemeka chini ya viti. Tak. Watu wakashangilia. Mwenyekiti akapiga kigelegele. Mimi peke yangu ndiye niliyekaa pale nikipokea habari ya kupona kwa majonzi, maana nilikuwa nimejiandaa kufa na sasa nilitakiwa kwenda kula chakula cha jioni na watu hawa.

"Nilikuwa natania!" nikasema. Tak. "Mzaha wa kuwatoa hofu!" Tak.

"Kiasi gani?"

Tak. "Tutaongea chini, ndugu yangu."

"Kiasi gani, Katibu?"

Mnyororo ukatuachia.

Ule mteremko mnaosema unatoa roho sikuuonja. Nimelipia tiketi, nimekaa foleni dakika 90, na kitu pekee ninachokumbuka ni mtu anauliza hesabu. Tulipopinduliwa kichwa chini nilimsikia vizuri kabisa akitaja makadirio.

Mnaouliza kwa nini tulisimama, nimeshachunguza. Reli huwa imegawanywa vipande, na kila kipande huruhusiwa treni moja tu kwa wakati mmoja. Treni ya mbele ikikwama kuingia kituoni, mitambo inaizuia ya nyuma palepale mlimani mpaka njia iwe wazi. Ni usalama juu ya usalama. Sehemu hiyo nilikuwa bado sijaifikia katika masomo yangu. Na kilichokwamisha kituoni ni mtoto mmoja aliyegoma kushuka, amekumbatia kile chuma cha mapajani, anataka kurudia. Mtoto wa kimo cha kiuno changu. Nilimpita getini analamba barafu ya sukari.

Yule mtu wa manjano ni kibao. Kimeandikwa kwamba ni marufuku kupanda ngazi. Nilimtazama tena baada ya kuvaa miwani, na nusura nimpungie mara ya tatu.

Sasa, picha. Kamera yao imefichwa pale mteremko unapoanza, ili ikunase ukiwa katika hali yako ya asili. Tukatoka, tukakuta tumetundikwa kwenye skrini mlangoni, watu wamejaa. Mwenyekiti mikono juu, meno yote nje. Shemeji amefumba macho, anaonekana anamtaja Thompson. Msemaji anacheka, na hacheki mteremko. Mimi mdomo uko wazi, umesimama katikati ya neno "natania". Na Mweka Hazina haitazami kamera. Haitazami mteremko. Amenigeukia mimi, uso mtulivu, kidole kimenyooka puani mwangu. Nywele zake tu ndizo zinazojua kwamba tunaanguka.

Wageni wawili waliomba kupiga picha ya ile picha.

Mengine yalikwenda haraka. Tuliporudi saa tisa palikuwa na kikao mapokezi, mizigo ikiwa bado kwenye toroli. Ghorofa ya sita ikapigiwa kura, wakaipata Mwenyekiti na mumewe. Msemaji akapewa chumba chao peke yake, ndiyo maana ana utulivu wa kurekodi dakika nne. Mimi nimepangwa na Mweka Hazina, kitanda cha kukunjua, upande wa dirisha. Mashine za kupoza hewa naweza kuwathibitishia zinafanya kazi. Fataki tumezisikia vizuri. Mwenyekiti alitutumia video, imepigwa akiwa kitandani.

Na kwa wale wanaouliza nani aliinunua ile picha, maana picha za pale bei zake zinajulikana na Mweka Hazina hanunui hata maji bila kunung'unika: imenunuliwa na mfuko wa kundi. Nakala kubwa, ina fremu. Iko juu ya meza kati ya vitanda vyetu, imeegemezwa kwenye taa. Hesabu za leo alizifunga kabla hajalala, na nimezichungulia. Ameandika kwa mkono wake mwenyewe: "Picha, moja. Gharama za dharura."